Jeshi la lazima si shule ya adabu

Vijana wakifanya fujo mjini, haipiti wiki kabla mtu mzima mwenye heshima zake hajasimama na kusema: "Wapelekwe jeshini kwa lazima, wakanyooshwe." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii sinyamazi. Anayeitoa hudhani analitetea jeshi. Kwa kweli anaibomoa hoja pekee inayoweza kuhalalisha kumwandikisha mtu kwa nguvu.

Je, jeshi la lazima linaweza kuwa halali hata leo? Jibu langu ni hili. Ndiyo, hata leo zipo hali ambazo dola ina haki ya kumlazimisha raia kushika silaha. Hali hizo ni chache, na zinaanza na hesabu: urefu wa mpaka, nguvu ya jirani anayetishia, na idadi ya askari ambayo jeshi la hiari haliwezi kuifikia hata likilipa vizuri. Sababu nyingine zote zinazotajwa, yaani adabu, ajira, uzalendo na umoja wa taifa, hazitoshi kumnyang'anya mtu mwaka wa maisha yake na kumweka mahali anapoweza kuuawa.

Tutenganishe mambo kwanza. Utumishi wa lazima wa wakati wa amani ni kumchukua kijana, kumfundisha miezi kadhaa, kisha kumrudisha kwao akiwa askari wa akiba. Wito wa vita ni kuwaita hao wa akiba, na mara nyingine hata wasiowahi kushika bunduki, mapigano yakishaanza. Huduma ya taifa ya kulima na kujenga ni jambo la tatu, nami sitaligusa isipokuwa pale serikali inapoipa jina la jeshi ili kupata vibarua wasiolipwa.

Mtu wa "wakanyooshwe" anakosea kwenye lile la kwanza. Anaona kambi, kwata na nywele zilizonyolewa, anadhani hayo ndiyo mavuno. Mavuno ya jeshi la lazima ni orodha: jina la askari wa akiba, fani yake, kikosi chake cha vita, bunduki yake iko ghala gani, na mara ya mwisho kuitumia ilikuwa lini. Kama mwisho wa miezi yote orodha hiyo haipo, kilichofanyika ni kuwalisha vijana uji wa alfajiri na kuwarudisha nyumbani.

Na hata hiyo adabu yenyewe haipatikani. Jambo hili limepimwa, na limepimwa vizuri kuliko mambo mengi ya kijamii, kwa sababu nchi kadhaa zilichagua makuruta, yaani askari wapya, kwa kura ya bahati nasibu. Kura inampa mtafiti makundi mawili ya vijana yasiyotofautiana kwa lolote ila bahati. Argentina ilitumia tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Wachumi walipowafuatilia waliochukuliwa na walioachwa, waliochukuliwa ndio waliokuwa na rekodi nyingi zaidi za uhalifu baadaye. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilielekea upande ambao wapenda kambi hawakuutarajia. Utafiti wa Sweden ulionyesha jambo la karibu na hilo, hasa kwa vijana waliotoka katika mazingira magumu, ambao ndio hasa tunaambiwa kambi itawaokoa. Kwa upande wa kipato, Wamarekani weupe waliochukuliwa kwa kura enzi za vita vya Vietnam walikuwa wakipata takribani asilimia 15 pungufu ya wenzao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba pengo hilo lilififia walipofika miaka ya hamsini ya umri wao, na kwamba matokeo ya nchi moja hayabebeki kirahisi hadi nyingine. Ndiyo maana sisemi kwamba jeshi huharibu vijana. Ninasema kwamba anayeahidi litawatengeneza anauza bidhaa asiyokuwa nayo.

Kwa nini haliwatengenezi? Adabu ya kijeshi hujengwa na koplo na sajenti wazoefu wanaokaa na askari usiku na mchana. Jeshi la Kisovieti, na la Urusi baada yake, lilichukua makuruta kila miezi sita kwa utumishi wa miaka miwili. Bweni moja likawa na awamu nne kwa wakati mmoja, na maofisa wadogo wa kudumu walikuwa wachache mno. Ombwe hilo likajazwa na awamu kongwe. Walioitwa "mababu" waliwapiga, kuwapora na kuwatumikisha wapya, na aliyepigwa leo alisubiri mwaka uishe ili naye awe babu. Urusi ilipunguza utumishi hadi mwaka mmoja mwaka 2008, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuvunja ngazi hiyo. Argentina iliufuta utumishi wa lazima mwaka 1994, baada ya kuruta kupigwa hadi kufa kambini na nchi nzima kuchafuka. Ukiwaweka wanaume elfu wa miaka kumi na tisa mahali pamoja bila viongozi wa kutosha, wataunda serikali yao wenyewe, na haitakuwa ya upole.

Sasa tuuangalie mtambo unapofanya kazi. Finland ina watu milioni 5 na nusu hivi na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi. Wafanyakazi wa kudumu wa jeshi lake, hata ukiwahesabu raia, hawafiki 15,000. Idadi hiyo haiwezi kuulinda mpaka huo hata kwa wiki moja. Lakini kila Januari na kila Julai awamu mpya huingia, na kwa mwaka mzima makuruta huzidi 20,000. Hutumikia siku 165, 255 au 347 kulingana na kazi waliyopangiwa. Wiki sita za kwanza ni mafunzo ya awali: silaha, huduma ya kwanza, kuishi porini, kutii amri. Kisha huja fani, na mwishoni mazoezi ya kikosi kizima. Mtu hupangiwa nafasi yake ya vita pamoja na watu aliofundishwa nao. Jumla yake ni jeshi la vita la watu 280,000 ambalo siku za kawaida halionekani popote, kwa sababu limo kwenye ofisi, mashamba na karakana.

Kiungo ambacho waigaji husahau ni viongozi. Seksheni ya makuruta wanane hadi kumi inahitaji mtu wa kuiongoza kila saa. Ukitaka kuingiza makuruta 10,000 kwa awamu moja, unahitaji viongozi wa seksheni zaidi ya elfu moja, achilia mbali walio juu yao. Utawatoa wapi? Finland hujibu kwa kuwabakiza siku zote 347 wale wanaosomea uongozi: nusu ya pili ya muda wao huitumia kuwaongoza makuruta wa awamu inayofuata. Nchi inayofufua jeshi la lazima kutoka sifuri haina awamu iliyotangulia. Italazimika kuwang'oa makoplo na masajenti kutoka vikosi vilivyo tayari, na kwa miaka miwili mitatu ya kwanza jeshi lake litakuwa dhaifu kuliko kabla ya sheria kupitishwa. Mwanasiasa anayeahidi "vijana laki moja mwakani" aulizwe kwanza masajenti wake wako wapi.

Baada ya viongozi zinakuja hatua za kawaida, ambazo nazipita haraka: rejista, dodoso, uchunguzi wa afya, upimaji wa akili na viungo, kupangwa daraja, rufaa, hati ya wito, kiapo. Kila hatua ina mahali pake pa kuoza. Rejista huoza kwa anwani. Ukraine ilikuwa na zaidi ya miaka miwili ndani ya vita kamili ilipolazimika kutunga sheria, iliyoanza kutumika Mei 18, 2024, ya kuwapa wanaume wa miaka 18 hadi 60 siku 60 za kuhuisha taarifa zao, kwa kuwa dola haikujua wengi wao wanaishi wapi. Uchunguzi wa afya huoza kwa rushwa. Agosti 2023 Rais Zelenskyy aliwafukuza kazi wakuu wote wa mikoa wa vituo vya uandikishaji, baada ya kubainika kwamba vyeti vya ugonjwa na njia za kuvuka mpaka vilikuwa vikiuzwa. Cheti kimoja cha uongo kinamaanisha mtu mwingine, maskini zaidi, amekwenda handakini badala ya mwenye pesa.

Halafu kuna muda. Watu husema: "Tuache kwa sasa, vita vikija tutawaita." Marekani haijamwandikisha mtu kwa nguvu tangu 1973, lakini imeendelea na rejista ya wanaume wa miaka 18 hadi 25 tangu 1980. Hata ikiwa na rejista hiyo, mpango wake ulikadiria siku 193 tangu idhini ya Bunge hadi kuruta wa kwanza kuripoti kambini. Hapo hajafundishwa hata kufunga buti. Ujerumani ilisitisha wito, yaani utumishi wa lazima, mwaka 2011, kisha ikazifunga ofisi za wilaya zilizokuwa zikipima na kupanga vijana. Bunge linaweza kurudisha sheria kwa kura ya asubuhi moja, lakini haliwezi kwa kura kurudisha madaktari, mabweni, viwanja vya shabaha na wakufunzi.

Na mafunzo huisha makali. Askari wa akiba ambaye hajashika silaha kwa miaka mitano ni raia mwenye kumbukumbu. Uswisi humfundisha kuruta wiki 18, kisha humwita tena mara sita, kila mara kama wiki tatu. Singapore huchukua miaka miwili, halafu mzunguko wa miaka kumi ya marejeo unaoweza kufika siku 40 kwa mwaka. Waajiri hulalamika na familia huvurugika, na huko ndiko gharama halisi iliko. Taiwan ilijaribu kukwepa: waliozaliwa kuanzia 1994 walitumikia miezi minne tu. Miezi minne inatosha kumfundisha mtu kutojiumiza na bunduki, lakini haitoshi kumfundisha kupigana na kombania nzima usiku chini ya mizinga. Kuanzia Januari 2024 wamerudi kwenye mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, utumishi mfupi usio na marejeo ndio mbaya kuliko yote, kwa maana unachukua uhuru wa mtu bila kuzalisha ulinzi wowote. Afadhali kutokuwa nao kabisa.

Kuhusu droni nitasema machache. Hoja kwamba "vita vya leo ni vya mashine, watu hawahitajiki" imejibiwa na Ukraine yenyewe, yenye mstari wa mbele wa zaidi ya kilomita 1,000. Kila droni ina rubani, fundi, anayefunga kilipuzi, anayebeba betri, na dereva. Na baada ya yote hayo lazima awepo mtu ndani ya shimo kwenye kila eneo linaloshikiliwa, na mwingine wa kumpokea akichoka au akifa. Droni zimefanya kumpokea huyo mtu kuwe hatari zaidi. Hazijaondoa haja ya kuwa naye.

Upande wa pili wa ubishi nao una imani yake: kwamba jeshi la hiari ndilo la haki siku zote, kwa kuwa hakuna anayelazimishwa. Wakati wa amani nakubali kwa sehemu kubwa. Tume iliyoundwa Marekani, ambayo ripoti yake ya 1970 ilifungua njia ya kuacha wito, ilieleza vizuri kwamba kumlipa kuruta chini ya thamani ya kazi yake ni kodi, tena kodi inayotozwa kwa miezi ya maisha kutoka kwa kundi dogo la vijana huku wengine wote wakiokoa pesa. Bajeti huonekana nafuu kwa sababu mlipaji hayumo kwenye daftari. Jeshi lenye watu wa bei ya chini huwatumia ovyo pia: huwapa kufagia, kuendesha magari ya wakubwa, na kulinda mageti yasiyo na kitu ndani.

Lakini katika vita vikubwa hiari ina ubaya wake, na huu watu hawaujui. Anayejitolea ni yule mwenye moyo, na mara nyingi mwenye moyo ndiye fundi usiyetaka aondoke. Mwaka 1914 na 1915 wachimbaji wa makaa na mafundi wa viwanda vya Uingereza walijiunga kwa wingi hadi uzalishaji wa makaa na makombora ukayumba, na wengine ikabidi warudishwe kutoka jeshini. Somo hilo ndilo lililoifanya Marekani, Desemba 5, 1942, kupiga marufuku kujitolea kwa wanaume wa miaka 18 hadi 37. Ilipiga marufuku, katikati ya vita kuu kuliko vyote! Kwa kuwa wito haufanyi kazi ya kumwambia mtu "njoo" peke yake. Unamwambia na mwingine "wewe baki kiwandani", na kumwondolea aibu ya kubaki. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 1943 ilichagua kwa kura tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili, na kijana mmoja kati ya kumi waliokuwa wakiitwa akapelekwa mgodini badala ya jeshini, atake asitake.

Sasa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na msomaji anivumilie hapa. Watu hujadili kama jeshi la lazima ni halali au si halali, kana kwamba "la lazima" ni kitu kimoja. Swali lenye uzito ni: lazima kwa nani? Karibu hakuna nchi ya leo inayohitaji kila kijana. Norway ina rika la watu kama 60,000 kila mwaka na huchukua kiasi cha 9,000 au 10,000. Ukishachukua mmoja kati ya sita, umeingia kwenye tatizo ambalo sheria nzuri haziwezi kulifuta: kwa nini huyu, na kwa nini si yule?

Njia ya kwanza ni udhuru. Marekani ya miaka ya 1960 iliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu ruhusa ya kuahirisha, na bodi za mitaa zenye watu wa mtaa huo huo ziliamua nani ana udhuru. Matokeo yake kila mtu aliyaona: mwenye ada alisoma, asiye na ada alikwenda. Kosa halikuwa la daktari mmoja mla rushwa, ni sheria yenyewe iliandikwa hivyo. Misri inafanya kwa namna nyingine: aliyemaliza chuo kikuu hutumikia mwaka mmoja, asiyesoma hutumikia hadi mitatu. Sioni hoja yoyote ya kijeshi inayohalalisha hilo. Israel imewaachia kwa miongo mingi wanafunzi wa seminari za Kiyahudi wa madhehebu ya Haredi, hadi mahakama ya juu ilipoamua Juni 2024 kwamba serikali haina msingi wa kisheria wa kuwaacha. Askari wa akiba anayeitwa kwa mara ya tatu hahitaji mhadhara wa falsafa kuelewa ubaguzi wa mzigo. Anaangalia dirisha la jirani tu.

Njia ya pili ni kura. Kura inaonekana safi, lakini hata kuchanganya karatasi ni ufundi. Desemba 1, 1969 Marekani ilipiga kura ya siku za kuzaliwa, vidonge 366 vya plastiki. Vidonge viliingizwa sandukuni mwezi mmoja mmoja, Januari kwanza, Desemba mwisho, vikatikiswa mara chache, kisha vikamiminwa kwenye chombo cha kioo na kuokotwa kwa mkono. Vya miezi ya mwisho vilibaki vingi juu. Kila tarehe ilipewa namba kwa mpangilio wa kuokotwa, na wenye namba ndogo ndio walioitwa kwanza. Wastani wa namba, kama ingekuwa haki, ni 183 na nusu. Waliozaliwa Desemba walipata wastani wa 121 hivi, na waliozaliwa Januari 201. Kwa kura hiyo wito ulifika namba 195. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliokwenda vitani kwa sababu mtu hakutikisa sanduku vya kutosha. Kura iliyofuata walitumia mapipa mawili ya kuzungusha, moja la tarehe na moja la namba, na kasoro ikaondoka. Anayetunga sheria ya kura aandike humo utaratibu wa kuchanganya, nani anashuhudia, na namba zinatangazwaje. Hayo si mambo ya kumwachia karani.

Njia ya tatu ni ya Norway na Sweden: kila mwenye miaka 18 hujaza dodoso, mwanamume na mwanamke, wachache huitwa kupimwa, wachache zaidi huchukuliwa, na utayari wao huhesabiwa. Norway iliingiza wanawake kuanzia rika lililozaliwa 1997, na Sweden ilifufua mfumo wake mwaka 2017 kwa msingi huo huo. Vikosi vinavyopatikana ni vizuri sana. Wanaochaguliwa hujivunia, na waajiri huwapenda. Lakini hapa nina shaka ambayo vitabu vya taaluma hii huifunika. Ukimchagua anayetaka na kumwacha asiyetaka, ulazima umebaki wapi? Na kama ulazima haupo, kwa nini usimlipe mshahara kamili kama mwajiriwa? Jibu la kawaida ni kwamba sheria ya lazima huwafikia watu wote na kuwauliza, na wengi wasingejiuliza wenyewe. Nalikubali nusu. Nusu nyingine naona ni njia ya kupata watu hodari kwa posho. Pamoja na hivyo, kati ya njia zote tatu hii ndiyo inayotoa askari bora, na sijaweza kuyalinganisha mambo hayo mawili moyoni nikaridhika.

Kuhusu wanawake, msimamo wangu ni mfupi: kama sababu ya wito ni hesabu, nusu ya watu haiwezi kuachwa nje ya hesabu. Vipimo viwe vya kazi, si vya jinsia.

Sharti lingine ni sauti. Dola inayomwita mtu afe kwa ajili yake lazima iwe dola ambayo mtu huyo ana namna ya kuikatalia. Australia iliwauliza wananchi kwa kura ya maoni mwaka 1916 na tena 1917 kama watu wapelekwe vitani ng'ambo kwa lazima. Mara zote mbili walikataa, na serikali ikatii. Uingereza ilipopitisha sheria ya kuwaandikisha Waayalandi mwezi Aprili 1918, Ireland iligoma, sheria haikutekelezwa kamwe, na Desemba mwaka huo chama cha Sinn Féin, kilichodai uhuru wa Ireland, kikazoa viti 73 kati ya 105 vya kisiwa hicho. Kanada ilipolazimisha mwaka 1917, karibu wote walioitwa waliomba kuachwa, na kati ya watu wasiopungua 124,000 waliopatikana, ni kama 24,000 tu waliofika Ufaransa kabla ya vita kwisha, huku Quebec, jimbo la wasemaji wa Kifaransa, ikibaki na donda la muda mrefu. Hesabu hiyo ni mbaya hata kwa jicho la jenerali asiyejali haki.

Na sisi wa lugha hii tunalo neno linalotukumbusha. Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini ya amri ya 1915 na msako mkubwa wa 1917, wanaume wa Afrika Mashariki walikusanywa kwa nguvu kubeba vyakula na risasi za jeshi ambalo halikuwa lao, dhidi ya adui ambaye hawakumchagua. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Kila kipengele cha wito kilikuwepo: rejista, hati, namba, posho. Kilichokosekana ni uraia. Ndiyo maana sikubali hoja ya "ulazima wa kijeshi" peke yake. Wakoloni nao waliusema, na kwa hesabu zao walikuwa sahihi.

Sheria ya kimataifa inalo jambo hapa ambalo wapenda kambi wangelisoma. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, unakataza kazi ya kulazimishwa na kuuacha nje utumishi wa lazima wa kijeshi, lakini kwa kazi za kijeshi halisi tu. Kuruta akishapelekwa kujenga barabara ya biashara au kuvuna shamba la serikali wakati wa amani, kinga ya neno "jeshi" imeondoka. Eritrea ndiyo mfano wa mwisho wa njia hiyo. Sheria yake ya 1995 inasema miezi 18. Tangu vita vya mpakani na Ethiopia vya 1998, miezi hiyo imegeuka miaka isiyo na ukomo, mashambani, migodini na maofisini, na tume ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016 iliuita mfumo huo utumwa. Watu walioukimbia wamejaza kambi za wakimbizi za majirani. Nchi imepoteza hasa wale vijana ambao wito ulidaiwa kuwakusanya.

Anayekataa silaha kwa dhamiri apewe njia nyingine, na njia hiyo isiwe adhabu iliyovishwa joho. Austria inatoza miezi 9 ya huduma ya kiraia badala ya 6 ya jeshi. Uswisi mara moja na nusu. Hiyo inavumilika. Korea Kusini, baada ya mahakama yake ya katiba kuilazimisha mwaka 2018, iliweka miezi 36 ndani ya magereza, mara mbili ya muda wa askari wa nchi kavu. Hiyo ni kumwambia mtu kwamba dhamiri yake imesikiwa na sasa atalipa. Kwa upande wa jeshi pia haina faida: askari aliyelazimishwa kubeba bunduki ambayo hataifyatua ni hatari kwa wenzake tisa wa seksheni.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo gumu. Kila sheria ya wito iwe na tarehe ya kuachiliwa. Wakati wa amani hilo ni rahisi, na serikali isiyoliandika ina nia mbaya. Wakati wa vita vya kufa na kupona sijui nani amelipatia jawabu. Ukraine iliacha wito mwaka 2013, ikaurudisha 2014, na mwaka 2024 ikashusha umri wa kuitwa vitani kutoka 27 hadi 25. Haikushuka zaidi kwa sababu rika la waliozaliwa karibu na mwaka 2000 ni dogo sana, na ndilo linalotegemewa kuzaa watoto wa kesho. Kwa hiyo askari wake wa kawaida wa mahandaki ana zaidi ya miaka 40, na magoti yake yanajua. Rasimu ya sheria ya mwaka huo ilikuwa na kipengele cha kumwachilia aliyetumikia miezi 36. Kikaondolewa kabla ya kura, kwa ombi la wakuu wa jeshi, maana wazoefu wangeondoka na wa kuwapokea hawakuwepo.

Nimekipima kipengele hicho kila upande. Ukikiweka, mstari unaweza kukatika na wote wakashindwa, pamoja na yule aliyeachiliwa. Ukikitoa, aliyeitika wa kwanza mwaka 2022 anahukumiwa kubaki hadi afe, akatike viungo au vita viishe, wakati aliyejificha anazidi kupata faida ya kujificha kwake, na kila anayetazama anajifunza kwamba kuitika mapema ni kosa. Uamuzi wangu ungekuwa ni kukiweka, hata kwa miezi mingi kuliko 36, kwa sababu mtu anayeujua mwisho huandikishwa kwa shida ndogo kuliko asiyeujua, na mzunguko wa kupokezana ungelazimika kupangwa tangu siku ya kwanza badala ya mwaka wa tatu. Lakini siupigi muhuri. Waliokitoa walikuwa na ramani mbele yao, na vijiji vilivyokuwa juu ya ramani hiyo vilikuwa na watu ndani.